Nyumba ya Pichani na Masika ya Kigamboni

SWALI: Nina kiwanja Kigamboni, Dar es Salaam. Nimehifadhi kwenye simu picha za nyumba za Santorini, Ugiriki: kuta nyeupe, paa bapa, hakuna upenu, sebule kubwa ajabu. Fundi anasema zitanisumbua. Nimsikilize?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Msikilize. Picha imekuonyesha sura tu, hali ya hewa ikabaki kulekule. Santorini, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua hainyeshi kabisa au hunyesha kidogo sana, na huo ndio msimu wa watalii na kamera zao. Kuta hupakwa chokaa tena na tena. Paa za nyumba nyingi za zamani zilikinga mvua chache ya huko iende kwenye matangi. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ukuta mweupe usio na upenu utalowa na kuota michirizi myeusi, hasa chini ya madirisha. Juu nako, majani yakiziba bomba maji yatatuama, yatapenya kwenye nyufa hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege.

Ukiipenda bado, mpe fundi masharti haya: mwinamo wa paa wa sentimita 2 kwa kila mita; matundu mawili ya kutolea maji, moja likiziba lingine lifanye kazi; tabaka la kuzuia maji lipande sentimita 15 kwenye kuta fupi za pembeni mwa paa; na upenu wa sentimita 60 juu ya kila dirisha. Kaone kanisa la Azania Front, hapo Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani. Picha za mbali huonyesha mnara. Ukisogea ndipo utaona vijipaa vya vigae juu ya madirisha, vilivyowekwa kukinga jua. Hilo ni somo zuri kuliko picha zote ulizohifadhi.

Sebule je? Lenzi pana hukuza kilicho karibu na kusogeza mbali ukuta wa nyuma. Taa ya duara iliyo pembeni mwa picha ikiwa na umbo la yai, usiamini ukubwa wa chumba. Tumia mlango kama kipimo, ambao kwa kawaida una kimo cha mita 2.1, au hesabu vigae vya sakafu: sita vya sentimita 60 ni mita 3.6 tu. Kabla ya kuchimba msingi, pima sebule kwa kamba kiwanjani, upange viti vyako ndani.