Ukiandika mapigano ya risasi, hesabu risasi

Kijana mmoja wa Mbeya ameniandikia akitaka siri ya tukio la majambazi "linalonoga kama la Hollywood". Kwa kuwa nyote mnaonisoma mna skripti mahali (msibishe), na yangu ya filamu fupi ndiyo kwanza imenunuliwa, namjibu mbele yenu.

Mimi nimepita JKT kwa mujibu wa sheria. Siku ya shabaha, SMG ya jirani yangu ilipolia, kishindo nilikisikia kifuani kabla ya masikioni, kisha ukabaki mluzi kichwani hadi wakati wa kulala. Kuruta mwenzangu alikuwa ananiuliza jambo, mimi naona midomo tu inacheza. Sasa hawa mashujaa wanaomiminiana risasi ndani ya lifti, kisha wakatoka wananong'onezana mapenzi, wanasikiaje?

Na msinitajie sailensa, kile kifaa cha mtutuni cha kupunguza mlio. Mmarekani Hiram Percy Maxim aliipatia hataza mwaka 1909, na tangu hapo sinema imeifanya ilie kama chafya ya paka. Bastola hulia kwa takriban desibeli 160. Sailensa hupunguza 20 hadi 35 hivi. Kinachobaki kinamwamsha jirani na mbwa wake. Tena risasi inayokimbia kuliko sauti hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na huo sailensa haiugusi.

Lakini kubwa ni hesabu. Magazini ya SMG inabeba risasi 30, na ukiiachia mfululizo inatema kama 600 kwa dakika. Gawanya mwenyewe: sekunde 3, kwisha habari. Prodyuza mmoja (simtaji, anajijua) alinirudishia skripti mbele za watu huku anacheka: "Jambazi wako kila saa anabadilisha magazini, mtazamaji atalala." Liliniuma. Bado linaniuma. Ila tukio hilohilo ndilo lililouza filamu: jambazi anapapasa mfukoni, vidole vimelowa jasho, magazini inamponyoka na kuteleza chini ya meza, na polisi anazisikia hatua zake za kurudi nyuma. Hesabu risasi, wenzangu. Zikiisha ndipo hadithi inapoanza.

Mambo ya mtu kupigwa risasi akaruka hadi ukutani, futeni. Risasi ingekuwa na nguvu hizo, aliyefyatua naye angeruka upande wake. Aliyepigwa huporomoka palepale, au hukimbia hatua kadhaa kabla hajajijua. Na "ni begani tu" ni uongo wa hatari: hapo unapita mshipa mkubwa wa damu ya mkono, pamoja na neva zake. Shujaa wenu anafunga leso, kesho yake anambeba bibi harusi!

Acheni uvivu. Mtazamaji wa leo ana kaka askari, ana mjomba mgambo, anawacheka kimyakimya na bando lake analipeleka kwingine.

Mkifika siku ya kupiga picha, msiazime silaha halisi hata kama mwenyewe ana leseni, wala msiamini risasi baridi, zile zenye baruti bila kichwa cha risasi. Brandon Lee aliuawa mwaka 1993 akiigiza: kipande cha risasi kilikuwa kimekwama kwenye mtutu, risasi baridi ikakisukuma nje. Mwaka 2021, huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na bastola iliyodhaniwa salama. Chongesheni bunduki za mbao, zipakeni rangi. Mlio mtauweka kwenye uhariri.