Wapigwa msasa, waridhia, washika shilingi: Bunge linaifanya nini Wizara ya Mambo ya Nje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi naandikia redio moja huku Morogoro habari fupi fupi za saa moja jioni. Juzi nimechukua habari ya Kenya inasema mabalozi wateule wamepigwa msasa na kamati ya bunge, nikaiandika kwamba wamepewa mafunzo kabla ya kwenda vituoni. Dada mmoja Mkenya kanipigia, anasema hapana, walikuwa wanahojiwa na wangeweza kukataliwa kabisa. Nani yuko sahihi? Na hapo hapo nisaidie, Bunge letu likishughulika na Wizara ya Mambo ya Nje mara naandika limeridhia, mara limeidhinisha, mara limepitisha, mara mbunge kashika shilingi. Ni yale yale au kila moja na lake?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo dada yuko sahihi kwa habari ile, na wewe uko sahihi kwa Kiswahili cha huku kwetu, na hapo ndipo ilipo hatari maana msikilizaji wako wa Morogoro hakupata nafasi ya kumsikia huyo dada.

Msasa ni mti, majani yake yakikauka yanakwaruza kweli kweli na mafundi wa zamani walikuwa wanasugulia nayo mbao, baadaye karatasi ya dukani ikarithi jina. Sasa ukipiga ubao msasa unafanya mambo mawili kwa mpigo, unaulainisha upendeze na unaondoa uchafu wa juu mpaka unaona mbao yenyewe ikoje, kama ina nyufa au imeliwa. Tanzania tumeshika lile la kwanza. Ukisoma gazeti la Dar es Salaam "madiwani wapigwa msasa" basi ujue kuna semina, kuna mtoa mada, kuna chai ya saa nne. Kenya wameshika la pili. "Mteule apigwa msasa" maana yake kakalishwa mbele ya kamati, kaulizwa elimu yake, mali zake, kodi alizolipa, msimamo wake kuhusu nchi anayopelekwa, na kamati itaandika ripoti ikubali au ikatae jina lake.

Na Wakenya wana sababu ya kulihitaji hilo neno kila mara kuliko sisi. Katiba yao ya 2010, ibara ya 132, inasema rais anapendekeza mabalozi, makamishna wakuu na wawakilishi wengine wa kidiplomasia, lakini hawateui mpaka Bunge la Taifa liidhinishe. Kwa hiyo kila rais akitoa orodha ya mabalozi, orodha inaenda kwa kamati inayoshughulikia ulinzi, ujasusi na mashauri ya kigeni, na magazeti yanajaa msasa wiki nzima. Kwetu Rais anamteua balozi, anamuapisha Ikulu, biashara imeisha, hakuna mahali Bunge linaulizwa. Sisi kuna kuchunguzwa mtu kabla ya cheo lakini kunafanywa na vyombo vya usalama kimya kimya na jina lake ni upekuzi, sasa huwezi kuandika "mabalozi wa Kenya wafanyiwa upekuzi bungeni" maana msikilizaji atafikiria wamekaguliwa mifuko getini!

Ukisoma habari ya namna hii tena uangalie anayepiga msasa ni nani. Akiwa ni chuo, wizara au shirika, ni mafunzo hata kama habari imetoka Kenya. Ikiwa ni kamati ya bunge na wanaopigwa ni wateule, ni mahojiano ya kukubali au kukataa. Kwa redio ya Morogoro mimi ningeandika "kamati ya bunge nchini Kenya imewahoji watu waliopendekezwa kuwa mabalozi". Ni ndefu, sawa, lakini haipotoshi. Nimeandika "waliopendekezwa" na sio "wateule" kwa makusudi, kwa sababu neno mteule nalo limegawanyika. Nairobi mteule ni mtu ambaye jina lake bado liko hewani. Dodoma balozi mteule ni mtu ambaye kazi ameshaipata, kinachosubiriwa ni akapeleke hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi anayoenda. Mmoja anaweza kukosa, mwingine hakosi.

Sasa tuje kwa Bunge letu, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu naona hata vyombo vikubwa vinachanganya na mwananchi anabaki hajui wabunge wake wana nguvu ya kufanya nini na hawana ya kufanya nini. Kila kitenzi ulichokitaja kina nguvu yake, ukibadilisha kitenzi umebadilisha habari.

Kuridhia ni la mikataba na nchi za nje. Limetoka kwenye Katiba yenyewe, ibara ya 63(3)(e), kwamba Bunge litajadili na kuridhia mikataba yote inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Serikali inasaini, Bunge linaridhia. Ni kama posa, vijana wameshaongea wakakubaliana lakini hakuna harusi mpaka wazee waridhie. Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni tarehe 10 Juni 2023, Bunge liliporidhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, yale ambayo watu wote walikuwa wanayaita DP World, kwa jina la kampuni ya bandari ya Dubai. Yalisainiwa Oktoba 2022, yakaridhiwa Juni 2023, hizo ni hatua mbili tofauti na aliyeandika "Bunge limesaini" alikosea. Na angalia, azimio lile lililetwa bungeni na Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi wala sio wa Mambo ya Nje, kwa hiyo usidhani kila jambo la nje linapitia mlango wa wizara ile tu. Mjadala wenyewe uligeuka kuwa wa lugha, upande mmoja unasema haya ni makubaliano sio mkataba, mwingine unasema ni mkataba kabisa. Mimi kama mtu wa lugha nasema hivi, Katiba kwenye kipengele kile imetumia neno mikataba, sasa kitu kikishapelekwa bungeni kuridhiwa kwa ibara ile basi kimeshaingia kwenye kundi la mikataba hata jalada lake likiandikwa makubaliano. Serikali ilikuwa na haki ya kueleza kwamba mikataba ya utekelezaji bado haijasainiwa, ila hiyo ni hoja nyingine na ingesemwa hivyo hivyo ilivyo watu wangeielewa.

Linganisha na EPA, ule mkataba wa biashara kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Kenya na Rwanda walisaini Septemba 2016, sisi hatukusaini. Novemba mwaka huo Bunge likaujadili na wabunge wakaupinga kwa sauti moja. Watu wakaandika "Bunge lakataa kuridhia", lakini utakataaje kuridhia kitu ambacho serikali haijasaini? Kitenzi pale ni kushauri, Bunge liliishauri serikali isisaini. Na kushauri sio neno dogo, nalo limo kwenye ibara ya 63, kifungu cha pili, pale inaposemwa kazi ya Bunge ni "kusimamia na kuishauri Serikali". Watu wanalidharau wakiona ni nasaha tu, wakati ule ushauri wa 2016 uliipa serikali mgongo wa kusema hapana.

Kenya ni tofauti kidogo tena. Kwa sheria yao ya mikataba ya mwaka 2012 Bunge linaidhinisha kwanza, halafu serikali ndio inaridhia. Kwa hiyo habari ikitoka Nairobi kwamba Bunge "limeidhinisha" mkataba acha hivyo hivyo, usiigeuze kuwa limeridhia.

Kuidhinisha kwetu ni la fedha. Bunge linaidhinisha makadirio ya mapato na matumizi ya wizara. Kupitisha ni la mazungumzo, linabeba yote, Bunge limepitisha bajeti, limepitisha muswada, limepitisha azimio, sio kosa ila halisemi sana. Kuthibitisha ni la watu, na kwetu linatumika kwa Waziri Mkuu ambaye Rais anamteua halafu jina linathibitishwa na Bunge.

Halafu kuna kosa moja naliona karibu kila mwezi. Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama, ile wanayoiita NUU, inaenda kukagua jengo au kupokea taarifa ya wizara, kesho yake habari inasema "Kamati yaridhia utendaji wa wizara". Hapana jamani! Kamati imeridhishwa na utendaji, yaani imependezwa nao. Kuridhia kunafanywa na Bunge zima kwa azimio. Kamati inapokea, inachambua, inahoji, inashauri, basi.

Kuhoji nako kuna mtego. Mtaani kuhoji ni kumuuliza mtu maswali kwa ukali kidogo, polisi wamemhoji, mwandishi kamhoji. Bungeni Spika akisema "nitawahoji" hamuulizi mtu maswali, anawataka wabunge waseme wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo, na kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, utakuta pameandikwa kwa mabano hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Kwa hiyo "Spika awahoji wabunge kuhusu mkataba" inaweza kumaanisha kura tu. Na mbunge akisimama asubuhi kipindi cha maswali na ile ya "Je, ni lini Serikali itaruhusu uraia pacha?", huyo ameuliza swali la msingi, akijibiwa ana nafasi ya maswali ya nyongeza. Andika ameuliza, usiandike amembana waziri kama hakumbana.

Kumbana kwenyewe ndio kushika shilingi. Wizara ikishasoma hotuba ya bajeti na watu wakachangia, Bunge zima linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia fungu la wizara husika. Mambo ya Nje ni Fungu 34. Wakifika kwenye kifungu cha utawala, kile chenye mshahara wa waziri, mbunge anasimama anataka ufafanuzi wa kisera, tuseme majengo ya balozi zetu yanayochakaa au vijana waliokwama Uarabuni, na asiporidhika na majibu anasema anatoa shilingi. Maana yake anaomba mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja. Wenzake wakimuunga mkono inakuwa hoja, inajadiliwa, na waziri akitoa ahadi inayoeleweka mbunge anamrudishia shilingi yake. Kushika, kutoa, kuondoa, kuzuia, yote utayasikia na yote ni kitu kimoja. Ila ukiandika habari usiishie "mbunge ashika shilingi ya waziri" peke yake, msikilizaji mwingine atadhani kuna hela imepokelewa. Sema alishika kwa jambo gani na mwisho aliirudisha kwa ahadi gani, maana ile ahadi ndiyo habari, ndiyo atakayoulizwa waziri mwakani.

Na nimalizie na moja hukuuliza lakini itakukuta, kuwajibika. Oktoba 2010 kamati ya bunge la Kenya ilileta ripoti kuhusu ununuzi wa jengo la ubalozi wao Tokyo, ikidai fedha nyingi za umma zilipotea. Waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Moses Wetang'ula, alikana kufanya kosa lolote ila akakaa kando kupisha uchunguzi, na Agosti 2011 akarudishwa kazini. Huku kwetu "waziri kawajibika" kila mtu anasikia kajiuzulu, kwao kuwajibika ni kutoa maelezo na kubeba dhamana ya ofisi, mtu anaweza kuwajibika akiwa bado kwenye kiti. Aliyekaa kando anaweza kurudi na huyu alirudi, aliyejiuzulu kiti chake kiko wazi. Kwa hiyo ukikutana na neno hilo kwenye habari ya Kenya uliza kwanza, ofisi ameacha au hajaacha, ukishajua andika amejiuzulu, amekaa kando, au ametoa maelezo mbele ya kamati.