i7 au i5? Soma namba yote kabla hujatoa hela

Ndugu na marafiki hunitumia picha za laptopu wakiwa madukani Kariakoo, na swali ni lile lile: "Hii ni i7, niichukue?" Nami hujibu: nitumie namba yote ya prosesa, ile chipu inayoendesha kompyuta (i7 na i5 ni za Intel).

Chukua mitumba miwili: i7-7500U ya 2016 na i5-8250U ya 2017. Muuzaji ataipandisha bei ile ya kwanza kwa sababu ni i7, na akiona unasitasita atakuonyesha kwamba kasi yake inaanzia GHz 2.7 wakati mwenzake anaanzia 1.6. Hadanganyi. Ila i7 hiyo ina kori (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) 2 tu, i5 ina 4, na kazi ikikolea zote hupanda karibu sawa, 3.5 kwa 3.4. Ukiandika barua tofauti huioni. Fungua kurasa nyingi za intaneti, Excel nzito na kikao cha Zoom kwa pamoja, hapo ndipo i7 inaanza kuhema. Tena Windows 11, kwa Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, kama hiyo 8250U (vya nyuma vilivyoruhusiwa ni vichache mno), na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kizazi cha 7, kama hiyo 7500U, sinunui hata kwa bei ya kutupa.

Ukiongeza hela kidogo unakutana na Ryzen, prosesa za AMD, mshindani wa Intel. ThinkPad T14 ya kwanza, ya 2020, ilitoka na Intel au AMD ndani ya umbo moja, kwa hiyo hapo zinapimana vizuri: i5-10310U ina kori 4, Ryzen 5 PRO 4650U ina 6, zote zimepangiwa umeme wa wati 15. Kwa anayehariri video nachagua Ryzen hata bei zikilingana, na mara nyingi nimeikuta chini kidogo kwa kuwa wateja wengi huulizia Intel. Ubaya ni kwamba siku ukitaka kuiuza, nawe utapunguziwa hivyo hivyo. Thunderbolt, tundu la kuhamisha data kwa kasi kubwa, pia utaipata kwenye ile ya Intel tu.

AMD nao wana mtego wao. Ryzen 5 7520U ina jina la kisasa, kumbe ndani ni Zen 2, usanifu wa 2019, kori 4. 7530U ni Zen 3 yenye kori 6. Kwenye laptopu za namba 7000 tazama tarakimu ya tatu: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4.

Dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia Performance kisha CPU, usome jina na idadi ya kori mwenyewe. Stika ya nje hubandikwa na yeyote. Na kama hela inatosha kupanda ngazi moja ya prosesa au kufikisha RAM GB 16, mimi huchukua RAM.