Koo limepona, magoti yakaanza

Kijana wangu alikuwa na miaka 8 alipoamka asubuhi moja hawezi kumeza hata mate. Homa kali, kichwa kinamgonga, na chini ya taya tezi mbili zimetuna kama kunazi. Kikohozi hana, mafua hana. Nyanya yake akamfungua mdomo, akatoa hukumu: kimeo hicho, aitwe mkataji.

Hapo nilikataa. Kukata kimeo kunaweza kumwaga damu nyingi na kuingiza vidudu vipya, na ugonjwa wenyewe haumo kwenye kimeo. Lakini kosa langu mwenyewe lilikuwa njiani. Nilishuka mtaa wa Langoni nikanunua amoksilini, antibayotiki ya kuua bakteria, dukani bila kumuona daktari. Siku ya tatu mtoto anakimbizana na wenziwe mpaka bandarini, basi vidonge vilivyobaki nikavitia kabatini viwe vya akiba. Mama gani wa Lamu hana kabati kama hilo?

Wiki tatu baadaye goti la kulia likavimba, likawa la moto. Likapoa, ugonjwa ukahamia la kushoto, kisha kiwiko. Nyanya alimkanda kwa mafuta ya simsim, akasema ni baridi yabisi, na safari hii hakuwa mbali, kwani jina la ugonjwa ni homa ya baridi yabisi. Daktari alipomsikiliza moyo alikaa kimya kwa muda ambao sikuupenda. Tukapanda boti hadi Mokowe, tukashika basi la Mombasa. Picha ya moyo ikaonyesha vali moja ya upande wa kushoto, yaani mlango wa kupitisha damu, inavujisha damu.

Niliuliza sana siku hizo: koo na moyo vina udugu gani? Nilivyoelewa ni hivi. Bakteria wa streptokokasi wa kundi A hujipanga kama shanga kwenye uzi, na hushika kooni. Aina nyingi hujifunika utando uliotengenezwa kwa kitu kile kile kilichomo katika nyama za miili yetu. Ni kama mwizi aliyevaa buibui akaingia arusi ya wanawake. Walinzi wanampita tu. Humo ndani humwaga sumu za kupasua chembe za damu, na vimeng'enya vya kuyeyusha damu iliyoganda ili apate njia ya kusonga mbele.

Mwili mwishowe humtambua kwa protini iliyo juu ya ngozi yake. Balaa ni kwamba protini hiyo inashabihiana na protini za moyo. Kwa watoto wengine, kinga iliyokwisha kumfukuza mwizi hugeuka ikaanza kumpiga mwenye nyumba: viungo, vali za moyo, mara nyingine hata ubongo, mtoto akawa anarusharusha mikono bila kutaka. Viungo hupona. Vali huweza kubaki na kovu maisha. Walio hatarini zaidi ni wa miaka 5 hadi 15.

Kwa hiyo mtoto wa umri huo akiumwa koo kwa ghafla, ana homa na tezi, hana kikohozi, mpeleke apimwe. Hujachelewa ukianza dawa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma. Bado huzuia moyo usiguswe. Penisilini, dawa ya zamani kabisa, ingali inamuua bakteria huyu vizuri. Ya kumeza ni siku 10, hata kama siku ya tatu mtoto anaruka ukuta. Maji ya chumvi ya kusukutua, dawa ya kina nyanya, yanatuliza maumivu, mpe, ila hayamuui mdudu.

Vidonda vya ngozi vyenye usaha navyo msividharau. Bakteria huyu huyu akipitia huko huweza kuumiza figo wiki chache baadaye: uso unavimba asubuhi na mkojo unakuwa kama strungi.

Wangu sasa ana miaka 14 na huchomwa penisilini ya kudumu kila wiki 4 ili koo jipya lisiongeze kovu. Sindano inauma kweli. Akitoka hapo hadai pole, anadai halua.

Mwezi uliopita mdogo wake alilalamika koo. Nilimmulika kwa tochi ya simu, moyo unanidunda. Kamasi zinamtiririka, anakohoa, sauti imekauka. Mafua ya kawaida, ambayo antibayotiki haiyafanyi kitu. Nikampa maji ya uvuguvugu na asali, nikamrudisha kitandani.