Mnaoanza jimnastiki, someni kazi ya Cătălina Ponor kwanza

Nyie mnaoanza jimnastiki, iwe unacheza mwenyewe au umepewa kikundi cha watoto ukifundishe, nina jambo moja nataka mlishike na nitalieleza kupitia dada mmoja wa Romania anaitwa Cătălina Ponor. Najua ukitaja Romania kila mtu anakimbilia kwa Nadia Comăneci, na ana haki yake, binti wa miaka 14 anapata 10 kamili Montreal 1976 mpaka ubao wa matokeo unaandika 1.00 kwa vile haukuwa na nafasi ya kuonyesha 10.00, hiyo ni historia haitafutika. Ila kwa mtu anayejifunza kazi, mi naona Ponor anafundisha zaidi. Aliacha akarudi, akaacha tena akarudi tena, na kila akirudi anakuta sheria zimebadilika, wenzake wa rika moja washastaafu, na bado anapanda boriti, ule mti mwembamba wa kutembelea na kuruka juu yake, anapata medali.

Jambo lenyewe ni hili: chagua vitu vichache, vifanye visafi kabisa, halafu vitunze kwa miaka.

Kazaliwa Constanța, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, Agosti 1987. Mwaka 2002 makocha Octavian Bellu na Mariana Bitang wakamchukua kwenda Deva, kwenye kituo ambacho timu ya taifa ilikuwa inaishi, inasoma na kufanya mazoezi hapohapo. Mwaka uliofuata tu, 2003, yuko kwenye mashindano ya dunia Anaheim huko Marekani na anarudi na medali za fedha za boriti na sakafu, yaani zoezi la kuruka na kucheza kwenye zulia kubwa. Sasa wengi wakisoma hapo wanasema eeh, Deva ni kiwanda cha mabingwa, mwaka mmoja tu mtu kawa nyota. Hapana jamani! Mtu hapati miguu ile na mgongo ule kwa mwaka mmoja, alishajengwa Constanța tangu mdogo, Deva wakapokea mtoto ambaye msingi wake umekaa. Nawaambia hili kwa sababu wengi wenu nyie ndo mtakuwa kocha wa kwanza wa mtoto, yule ambaye siku ya medali hatangazwi, na kazi yako ndo inaamua kama kocha wa pili atapata kitu cha kufanyia kazi au atakuta makosa ya kuanza kuyang'oa.

Na makosa ya mwanzo yanang'ang'ania sana. Nimefundisha watoto miaka mingi sasa na nimeliona mara kwa mara, mzazi anataka video ya mwanae anapiga samasoti mwezi wa pili tu wa mazoezi, mtoto naye anataka, kocha kijana naye anataka kuonekana, basi mtoto anarushwa tu hewani anashuka magoti yamegongana, mgongo umepinda, kichwa kimeenda nyuma. Video inapendeza. Halafu unakuja kukaa mwaka mzima unamfundisha kushuka upya na mwili unakataa, unarudi kulekule ulikozoea, hasa akiwa na woga au kachoka. Kwa hiyo kushuka kwanza. Kusimama kwa mikono ukiwa umenyooka kama mshale kwanza, samasoti itakuja yenyewe.

Turudi kwa Ponor. Athens 2004 alichukua dhahabu tatu, timu, boriti na sakafu. Fainali za boriti na sakafu zilikuwa siku moja, tarehe 23 Agosti, siku tatu baada ya kutimiza miaka 17. Kwenye boriti alipata 9.787 na Carly Patterson wa Marekani 9.775, yaani tofauti ni 0.012! Hebu fikiria, boriti ina upana wa sentimita 10, urefu wa mita 5, iko juu sentimita 125, una sekunde 90 za kumaliza kila kitu, na dhahabu inaamuliwa na kitu ambacho jicho la kawaida halikioni. Kidole cha mguu kimelegea, goti halijanyooka vizuri, kayumba kidogo. Ndo maana huwa nagomba watoto wakisema "si nimefanya". Umefanya, sawa, umefanyaje?

Halafu angalia alichoacha. Ponor hakuwa mtu wa kuwania ubingwa wa mzunguko wote wa vifaa vinne. Alijijua, uwezo wake uko kwenye boriti na sakafu, akaweka nguvu pale. Sisemi mtoto wa miaka 8 umfungie kwenye kifaa kimoja, hapana, mtoto apite kote, vyuma vya kuning'inia, kuruka juu ya meza, sakafu, boriti, mwili ujifunze kila aina ya kazi. Ila ukishakua na ukashajua wapi mwili wako unakubali, usione aibu kuchagua. Mazoezi yanachosha viungo na siku ina saa zilezile.

Alistaafu 2007, akarudi 2011. Tangu dhahabu zake za Athens mambo yalikuwa yamebadilika sana, maana kuanzia 2006 ile 10 ya juu kabisa iliondolewa, wakaleta alama mbili, moja ya ugumu wa unachofanya na nyingine ya usafi wa unavyofanya, zinajumlishwa. Mtu aliyelelewa kwenye mfumo wa 10 sasa inabidi ajenge zoezi lake upya, kila mruko unaounganishwa na mwingine una alama zake, ukisitasita katikati ya mruko na mruko majaji hawakupi ile nyongeza. Watu wakati huo walikuwa wanasema huyu keshazeeka, ana miaka 24, mchezo huu wa watoto.

Ikaja London 2012, na hapa naomba msome polepole maana ndo somo kubwa. Tarehe 7 Agosti, fainali ya boriti, Ponor anamaliza wa tatu, 15.066. Aly Raisman wa Marekani ana 14.966. Kocha wa Raisman, Mihai Brestyan, anapeleka ombi majaji waangalie tena alama ya ugumu, wanaangalia, wanamwongezea 0.1, sasa wote wawili wana 15.066. Kanuni inasema mkilingana anatangulia mwenye alama kubwa ya usafi, na usafi wa Raisman ulikuwa juu. Shaba ikahama, Ponor wa nne. Inauma, mi mpaka leo nikiiangalia inaniuma, lakini kwa mtu wa kazi kuna vitu viwili pale. Cha kwanza, yule kocha aliijua sheria kwa kichwa, alijua mwanafunzi wake kafanya nini na kinastahili ngapi, akachukua hatua ndani ya muda. Cha pili, zoezi gumu likifanywa na uchafu kidogo linaweza kushindwa na jepesi lililo safi, hata mkilingana jumla.

Na Ponor je? Siku ileile, saa chache baadaye, alikuwa na fainali ya sakafu. Akaingia akapata 15.200, medali ya fedha, nyuma ya Raisman huyohuyo. Kama unafundisha watoto, waonyeshe hilo. Wafundishe wakiharibu kifaa cha kwanza watembee mpaka cha pili wakiwa na akili iliyotulia, na hilo linafanyiwa mazoezi kama kitu kingine chochote. Mi huwa napanga mashindano madogo ya ndani, mtoto akianguka hakuna kurudia, anapangusa chaki anaenda kifaa kinachofuata.

Akastaafu tena, akarudi 2015. Safari hii Romania yenyewe ilikuwa imeshuka, nchi iliyopata medali ya timu ya wanawake kila Olimpiki kuanzia 1976 mpaka 2012 ikashindwa kufuzu kama timu Rio 2016. Nafasi ikabaki moja, wakampa Ponor, na ndiye aliyebeba bendera siku ya ufunguzi. Alifika fainali ya boriti, akawa wa saba. Wengi tungeishia hapo kwa heshima zote. Yeye akaendelea, Aprili 2017 mashindano ya Ulaya yakafanyika kwao, Cluj-Napoca, akachukua dhahabu ya boriti akiwa na miaka 29. Dhahabu yake ya kwanza ya Ulaya kwenye kifaa hichohicho ilikuwa Amsterdam 2004. Miaka 13! Wasichana wengine kwenye fainali kama hizo walikuwa hawajaanza hata kutambaa vizuri alipoanza yeye kushindana.

Sasa fanyeni hivi. Kama huna boriti, chora mstari wa chaki upana wa sentimita 10 sakafuni, mtoto atembee, ageuke, aruke ashuke bila kutoka nje ya mstari, kisha boriti ya chini kabisa yenye magodoro pembeni, urefu wa kwenda juu uje baadaye sana. Andika kwenye daftari kila mtoto anakosea wapi, usitegemee kumbukumbu. Na kitabu cha sheria za alama pakueni kwenye tovuti ya shirikisho la kimataifa, FIG, ni bure, ni kirefu na kinachosha, anzeni na kurasa za makato ya usafi, 0.1, 0.3, 0.5 na 1.0 ukianguka, kisha kaeni na watoto mtazame fainali ya London mkiwa na kalamu mkononi, kila mmoja akate alama mwenyewe kabla majibu hayajatokea kwenye skrini.