Kumtafuta askari wa UNLA aliyepotea 1986
Dada, umeuliza baba yenu mkubwa, askari wa UNLA (jeshi la serikali ya Uganda wakati huo), alipotelea wapi tangu Januari 1986. Usikwame kumtafuta Luwero tu, kulikopiganwa vita vya msituni. Waasi wa NRA, jeshi la Museveni, walipoiteka Kampala, wengi wa wale askari walikimbilia kaskazini, wengine wakavuka hadi Sudan. Baadhi walirudi na UPDA, kundi la waasi lililofanya amani na serikali pale Pece, Gulu, Juni 1988. Kwa hiyo watafuteni wazee wa kikosi chake. Namba yake ya jeshi ni dhahabu, pekueni masanduku ya bibi! Kisha nendeni Msalaba Mwekundu wa Uganda, mseme mnatafuta ndugu aliyepotea vitani. Huduma hiyo hailipiwi. Atakayetaka “pesa ya mafuta” ili awaonyeshe kaburi, mkimbieni.