Una bunduki ya .30-06, je, uongeze ya .308?

Ndugu yangu, unasema bunduki yako ya .30-06 (namba hizi hutaja aina ya risasi) huko Marekani imeanza kutawanya risasi kwenye shabaha ya yadi 100, kwa hiyo unataka .308 ya kuwindia kulungu, kisha siku moja urudi nayo Nakuru. Usinunue bado. Risasi za bunduki hizo mbili zina kipenyo kilekile, na kwa kulungu aliye ndani ya yadi 200 hakuna tofauti ya maana.

Kagua kwanza uliyo nayo. Itoe risasi, fungua komeo, hakikisha chemba ni tupu. Sasa shika darubini ya kulengea uisukume taratibu. Ikicheza hata kidogo, huenda tatizo umelipata: fungua skrubu za vishikizo vyake, zifute mafuta, uzikaze tena kwa kipimo cha mtengenezaji. Angalia pia skrubu za kitako, maana mbao huvimba na kunywea kwa unyevu, zikalegea. Mwisho, mdomo wa mtutu: mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa ndani hupotosha risasi, na fundi wa bunduki huusawazisha. Halafu jaribu kupiga risasi tatu tatu, ukiacha mtutu upoe kila baada ya tatu.

Bunduki ya pili naikubali kama kuna mwenzako nyumbani anayejifunza. Mchukulie bunduki ya .243, haisukumi bega sana.

Hilo la kurudi nayo Nakuru, tafadhali liache. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kumiliki bunduki bila leseni ni kosa la jinai.